Silksong: gemu ya watu watatu iliyoangusha maduka ya mtandaoni, na kwa nini sisi tulichangishana kuinunua

Hapa huwa tunaongea mbolea, bei ya mahindi na matokeo ya kidato cha nne. Leo naomba tuongee gemu, kwa sababu kila nikipita kafe naulizwa swali lile lile: hivi hii gemu ya mdudu mwenye vazi jekundu ina nini mpaka mnakesha nayo? Na ni kweli mmeitolea hela? Ndiyo, tumeitolea hela. Nitaeleza ni gemu gani, wameitengeneza akina nani, kwa nini bei yake iko chini namna ile, na mtu wa huku kwetu Songea anaipataje bila kuumia.

Inaitwa Hollow Knight: Silksong. Hii ni ya pili. Ya kwanza ni Hollow Knight yenyewe, iliyotoka Februari 2017. Zote mbili ni gemu za kuruka: unamwona mtu wako kwa ubavu, unakwenda kushoto na kulia, unaruka kutoka jiwe moja kwenda jingine, ukikosea unaangukia kwenye miiba. Waliokua na zile kaseti za rangi rangi za kuchomeka kwenye mashine ya TV wanalijua jambo hili, Mario yule yule. Tofauti ni kwamba humu hakuna levo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ni nchi moja kubwa na njia zake zote zinaungana. Unakuta mlango uko juu sana, huufikii, unaondoka zako. Siku mbili baadaye unapata uwezo wa kudandia ukuta, halafu saa mbili usiku uko nyumbani unakula ugali unakumbuka: aah, kule chini kuna mlango wangu! Kesho yake unarudi. Mimi naona utamu wa gemu za aina hii uko hapo hapo, kwenye kukumbuka ulipopita.

Mtu wako anaitwa Hornet, yaani mavu, yule mdudu wa jamii ya nyigu. Silaha yake ni sindano ndefu na uzi wa hariri. Mwanzoni kabisa amefungwa kwenye kizimba, anapelekwa kwa nguvu katika nchi ngeni iitwayo Pharloom. Daraja linavunjika, anaanguka mpaka bondeni, nguvu zake nyingi zimekwisha. Kuanzia hapo ni kupanda. Juu kabisa ya nchi kuna mji mtakatifu, wenyewe wanauita Citadel, na njia nzima imejaa wadudu mahujaji wanaokwenda huko, wengine wamefia njiani. Gemu ya kwanza ilikuwa ya kuteremka ardhini, hii ya pili unapandisha. Kwa sisi tuliozoea kuona milima ya Matogoro ukiinua macho tu, wazo la kuanza chini kabisa ukiangalia kule unakotakiwa kufika linaingia haraka.

Sasa wenyewe waliotengeneza. Kampuni inaitwa Team Cherry, iko mji wa Adelaide, Australia. Ukisikia kampuni usifikirie ghorofa. Wakuu wake ni wawili, Ari Gibson anayechora na William Pellen, halafu kuna Jack Vine upande wa kuandika programu, na muziki wanatungiwa na Christopher Larkin. Basi. Wapo waliosaidia hapa na pale lakini timu ni hiyo. Mwaka 2013 waliingia kwenye shindano la kutengeneza gemu kwa siku chache, wakatoa kigemu kinaitwa Hungry Knight. Mwaka 2014 wakapitisha bakuli mtandaoni, mtu anachangia alichonacho na kuahidiwa gemu ikikamilika. Walihitaji dola 35,000 za Australia, wakapata zaidi ya 57,000 kutoka kwa watu elfu mbili na kitu. Hela hiyo kwa kutengeneza gemu ni ndogo mno. Gemu za makampuni makubwa zinakula mamilioni ya dola, mamia ya watu, miaka mitano.

Kwenye kuchangisha huko waliahidi kwamba hela ikifika kiwango fulani, wataongeza sehemu ambayo unacheza ukiwa Hornet, ambaye katika gemu ya kwanza ni mtu unayepigana naye tu. Nyongeza tu hiyo, kipande cha pembeni. Walipoanza kuifanya ikawa inakua, inakua, mpaka Februari 2019 wakatangaza kwamba sasa ni gemu kamili inayojitegemea. Watu wakashangilia. Halafu wakakaa kimya. 2020 kimya, 2021 kimya, 2022 ikaonekana video kidogo, 2023 wakasema bado. Ikawa mzaha mtandaoni dunia nzima, watu wanavaa kofia za vichekesho na kuimba Silksong kila penye tangazo la gemu mpya. Wengi walidhani kuna ugomvi au hela zimekwisha. Baadaye wenyewe walivyohojiwa ikaonekana hakuna shida yoyote, walikuwa wanafurahia kazi na wanaendelea kuongeza vitu. Gemu ya kwanza ilikuwa imeuza nakala milioni 15 kufikia Agosti 2025, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kuwagongea mlango kudai kazi. Wangekuwa na bosi au benki nyuma yao, ingetoka 2021 ikiwa nusu, na mimi nisingekuwa naandika haya.

Tarehe 21 Agosti 2025 wakasema inatoka wiki mbili zijazo. Wiki mbili tu! Watengenezaji wengine wadogo wakaanza kusogeza tarehe za gemu zao mbele ili wasigongane nayo. Alhamisi tarehe 4 Septemba 2025, saa 11 jioni kwa saa za kwetu, ikafunguliwa. Duka la Steam likaelemewa, la Nintendo likaelemewa, la PlayStation nalo likawa taabu. Watu wana hela mkononi, hawawezi kulipa. Siku hiyo hiyo kwenye Steam peke yake watu zaidi ya nusu milioni walikuwa wanaicheza kwa wakati mmoja. Na hakukuwa na matangazo ya mabango wala mchezaji mpira wa kulipwa anayeitangaza.

Bei sasa. Dola 20 kasoro senti moja. Kwa chenji ya wakati ule ni kama shilingi elfu hamsini. Najua kuna aliyeguna hapo. Ngoja kwanza tulinganishe. Gemu kubwa za siku hizi zinauzwa dola 70, na mwaka huo huo 2025 Nintendo walitoa Mario Kart World kwa dola 80 ikiwa ya kushusha. Hiyo ni karibu laki mbili za kwetu. Kwa Mzungu wa Adelaide au kijana wa Marekani, Silksong ni bei ya chakula cha mgahawani, anakula yeye na mwenzake imeisha. Wapo hata waliolalamika kwamba ni rahisi mno, kwamba wengine wadogo wakiuza dola 30 wataonekana wezi. Lakini elfu hamsini hapa kwetu ni kitu kingine. Msimu wa 2024 NFRA walikuwa wananunua mahindi shilingi 700 kwa kilo. Piga hesabu, ni kilo sabini na moja hivi. Sijui nani atamwendea baba yake na kumwambia mzee naomba kilo sabini za mahindi nikanunue mdudu wa kuruka ruka.

Zipo nchi ambazo Steam wanauza kwa hela ya kwao na bei inapunguzwa kidogo kufuata uwezo wa watu. Afrika Kusini wana randi yao humo. Shilingi ya Tanzania haimo, sisi tunaonyeshwa dola. Kwa hiyo neno rahisi inategemea umesimama wapi, na hapo ndipo tulipokaa chini tukafikiri.

Tulichofanya ni hiki. Gemu ina nafasi nne za kuhifadhi safari, yaani watu wanne wanaweza kuanza kila mmoja ya kwake kwenye kompyuta moja bila kuharibiana. Wanne! Elfu hamsini gawa kwa nne ni kumi na mbili mia tano. Tukawa mimi, dada mmoja anayesoma ualimu huku huku Matogoro, fundi simu wa mjini, na mwenye kafe ambaye sote tunamwita Braza. Akaunti ni ya Braza, mashine ni ya Braza, na kwa kuwa yeye mwenyewe ana nafasi yake humo ndani, tukishafunga milango jioni tunakaa bure. Ukilipia saa ingekuwa balaa, maana kumaliza hadithi yake ni saa thelathini na zaidi kwa mchezaji wa kawaida. Kwa shilingi elfu moja kwa saa tayari ni thelathini elfu ya kukaa kwenye kiti, kabla hujanunua gemu. Hilo mlifikirie kabla ya kuanza.

Kulipa: zile kadi za mtandaoni unazotengeneza ndani ya simu kutoka kwenye hela yako ya mtandao zinafanya kazi, au kadi ya benki ya mtu unayemwamini. Weka hela juu kidogo ya bei, kwa sababu chenji ya kadi huwa si ile unayoisikia redioni, na kuna makato. Halafu bando. Gemu inakaa kama GB 8, na hapo bado marekebisho yanayokuja baadaye. Usishushe kwa bando la siku, litakufia katikati. Sisi tuliiachia usiku kucha kwenye mtandao wa kafe.

Mashine nayo. Wanasema uwe na Windows 10, RAM ya GB 4, prosesa ya Core i3 ya zamani zile za kizazi cha tatu, na kadi ya picha hata ya kizee. Kompyuta nyingi za kafe hazina kadi ya picha ya kujitegemea, hapo majaribu yanaanza. Ya Braza tuliyotumia ni ile moja aliyoinunua kwa ajili ya kutengeneza video za harusi. Kama mashine yenu imechoka, shikeni gemu ya kwanza. Hollow Knight inakubali hata Core 2 Duo, inauzwa dola 15, na mara kwa mara inashushwa bei mpaka nusu. Tena kuanza na ya kwanza si hasara hata kidogo, Silksong ni ngumu kuliko kaka yake.

Haya, twende ndani yenyewe. Kwa kibodi unatembea kwa mishale, Z ni kuruka, X ni kupiga, C ni kuchomoka kwa kasi ukishapata huo uwezo. Kwenye kibodi ya kafe ambayo herufi zimefutika hilo nalo ni somo. Tulipopata padi ya kuazima mambo yalibadilika kabisa.

Kitu cha kwanza kitakachokukera ni pigo la kushuka. Katika gemu ya kwanza ukiruka na kupiga chini, unapiga chini wima, unadunda juu ya adui au juu ya miiba kama mpira. Hornet hapigi wima. Anashuka mshazari, kama mwewe anayemfuata kifaranga. Saa mbili za mwanzo nilikuwa naruka juu ya adui na kumpita, natua kwenye miiba, nakufa. Fundi simu alitaka kurudishiwa hela yake. Lakini mkono ukishazoea, duh! Unagundua ule mshazari ni njia ya kusafiri. Unapiga ua linalodundisha, unachomoka, unapiga lingine, unapita juu ya shimo zima bila mguu kugusa ardhi. Kuna mahali panaitwa Hunter's March ambapo unapita hivyo hivyo juu ya miiba mitupu, na mara ya kwanza nilipofika ng'ambo nilisimama kitini. Na ambaye hawezi kabisa kuzoea, baadaye kuna alama zinazobadilisha namna Hornet anavyopigana, mojawapo ni ya Wanderer ambayo inarudisha lile pigo la kushuka wima. Tafuteni, iko mapema.

Kingine ni kujiponya. Kila ukimpiga adui unavuna uzi. Uzi ukijaa unajifunga majeraha na uhai unarudi mara tatu kwa mkupuo, tena unaweza kufanya hivyo hata ukiwa hewani. Katika gemu ya kwanza ulikuwa unarudisha moja moja, umesimama kama mtu anayesubiri daladala. Hapa ni haraka, lakini uzi wote unakwisha, na ukipigwa katikati ya kujifunga umeula wa chuya, uzi umekwenda na uhai haujarudi. Kwa hiyo kila pambano lina swali moja kichwani: nijifunge sasa au nimpige mara mbili zaidi kwanza? Unaanza na uhai tano tu. Na maadui wakubwa wengi wanakutoa mbili kwa pigo moja. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu hela. Hii ndiyo sehemu niliyocheka peke yangu. Hela ya Pharloom ni punje za rozari. Ndiyo, rozari, huku kwetu kila nyumba ya pili wanazo. Unaua mdudu, zinamwagika chini, unaokota. Ukifa unaziacha zote pale ulipofia, inabidi urudi kuzifuata, na ukifa tena kabla hujafika zimepotea moja kwa moja. Lakini kuna mashine za kutunga rozari. Unaweka punje 80, inakutungia kamba ambayo haipotei hata ukifa. Ukija kuifungua kamba ile, unakuta punje 60. Ishirini zimekwenda wapi? Makato! Dada wa ualimu akasema kumbe na huko kwa wadudu kuna wakala. Tangu siku hiyo zile mashine tunaziita wakala, na ukikuta mtu amekaa mbele ya kompyuta anasema naenda kuweka hela kwa wakala, mjue anaongea nini. Kuna mpaka mabenchi ya kupumzikia ambayo lazima ulipie ndiyo yakunjuke. Sijawahi kuona gemu inayojua umaskini kiasi hiki. Unahesabu kila punje, unanunua ramani unabaki huna nauli.

Nimesema maadui tu mpaka sasa, lakini kinachonirudisha ni wale wengine. Yupo kadudu kadogo kanaitwa Sherma, hujaji, kazi yake ni kugonga vyuma vyake na kuimba mbele ya mlango uliofungwa akiamini utafunguka kwa wimbo. Hana silaha. Unamkuta amekaa pabaya sana na bado anaimba, na wewe uliyefika hapo umekufa mara tisa unaona aibu kulalamika. Yupo Shakra, mama mpiganaji mrefu mwenye mapete, anauza ramani. Humwoni kwanza, unamsikia anaimba kwa mbali, unaifuata sauti mpaka umemfikia. Hakuna mshale wala alama ya kukuonyesha, masikio yako tu. Na wapo viroboto. Viroboto thelathini weupe wenye manyoya, wamepotea nchi nzima, wengine wamenaswa kwenye vizimba, na wewe unawakusanya kuwarudisha kwenye msafara wao. Ukimwokoa mmoja anapiga kelele ya furaha. Sikuwahi kufikiri nitakuja kumtafuta kiroboto kwa hiari yangu.

Vyote vimechorwa kwa mkono. Ukungu, kengele, majani, hariri inayoning'inia. Muziki wa kwanza kule bondeni ni wa taratibu sana, ukiuacha unacheza hata aliyekuja kuchapa barua ya kuomba kazi anageuka kutazama.

Siyo kwamba haina kasoro. Ugumu wake mahali pengine umezidi. Kuna kinamasi kinaitwa Bilewater ambako mabuu yanakuganda mwilini na huwezi kujiponya mpaka uyaondoe, na sitamsamehe aliyekibuni. Kuna mabosi ambao njia ya kuwarudia baada ya kufa ni ndefu na yenyewe ina maadui, kwa hiyo unatumia dakika mbili kwenda kufa kwa sekunde ishirini. Malalamiko yalikuwa mengi dunia nzima, na siku chache tu baada ya kutoka wenyewe walitoa marekebisho: wakalegeza mabosi wawili wa mwanzoni, wakashusha bei za baadhi ya mabenchi. Wachina nao walikasirika kwa sababu tafsiri ya Kichina ilikuwa mbovu, ya maneno makubwa makubwa yasiyoeleweka, wakashusha alama za gemu kwa wingi mpaka Team Cherry wakaahidi kuirekebisha. Hiyo ilinifikirisha. Gemu imetoka na lugha kumi, Kiswahili hakimo. Wachina wanagomba kuhusu ubora wa tafsiri yao, sisi hata ya kugombea hatuna. Ila maneno si mengi, Kiingereza cha kidato cha pili kinakuvusha, na dada yetu anatufafanulia kwa Kiswahili yale ya mashairi mashairi.

Sasa lile linalosemwa chini chini. Mtu ananiambia we bwege, hiyo gemu inapatikana bure, ipo kwenye flashi ya fulani, imevunjwa kufuli. Ni kweli na tena hii ni rahisi zaidi, kwa sababu duka la GOG linaiuza bila kufuli lolote, ukinunua faili ni lako unalinakili utakavyo. Wao wenyewe wameamua hivyo. Sina ubavu wa kumhubiria mtu asiye na hela, wote tumekulia kwenye flashi, filamu za flashi, nyimbo za flashi, mpaka vitabu. Lakini hapa anayeibiwa namjua. Ni watu watatu, nimewahesabu juu hapo, na walikaa miaka saba. Na baada ya ile gemu ya kwanza walitoa nyongeza nne kati ya 2017 na 2018, zote bure, na Desemba 2025 wakatangaza kwamba Silksong nayo itapata nyongeza ya bure. Watu hawa wameshusha bei yao wenyewe bila kuombwa. Kwa elfu kumi na mbili mia tano mimi naona nimelipa kiungwana, na nikikaa pale mbele ya kioo sijisikii mwizi. Wewe fanya hesabu yako.

Na kuna jambo lingine. Gemu hii imetengenezwa kwa Unity, programu ambayo mtu mdogo anaishusha na kuitumia bure. Si mashine ya siri ya Wajapani. Wenzetu Wakenya wameshaanza siku nyingi: Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi miaka ile ya 2000, akiwa kijana, halafu akawa mmoja wa waanzilishi wa Leti Arts. Mwaka 2015 Andrew Kaggia akatoa Nairobi X, majitu ya kutoka angani yanavamia Nairobi na wewe unayatwanga. Jiwe Studios nao wana Usoni, ambayo Ulaya imekuwa haikaliki na Wazungu ndio wakimbizi wanaokuja kutafuta maisha Afrika. Hizo hazikuuza milioni 15. Lakini zipo, zina majina, mtu alikaa akazimaliza.

Fundi simu ameanza kujifunza hiyo Unity. Mpaka sasa ana boksi moja la kijivu linaloruka juu ya boksi jingine. Tulimuuliza hadithi yake ni nini, akasema bado, ila itaanzia milimani huku kwenye chanzo cha mto Ruvuma na mtu atateremka nao mpaka baharini. Boksi linaruka vizuri sana. Akilipeleka ukutani linazama, hapo ndipo alipokwama, na kama kuna mdau anayejua dawa yake tafadhali amwandikie hapo chini.

Kwa watakaoanza Silksong wiki hii: nunueni ramani na dira kwa Shakra mkimkuta tu, msitunze punje kwa ubahili halafu mkafa nazo. Umeme ukikatika mtarudi kwenye benchi la mwisho, kwa hiyo kila mkiona benchi kaeni. Isipokuwa lile la Hunter's March. Lina mtego. Kuna kitegesho cha kuuzima, kimefichwa jirani, kitafuteni kwanza ndiyo mkae.